Sura ya 4: Mahindi ya Shamba Darasa na Mahindi ya Nyumbani

Swali hili haliulizwi mkutano ukiwa umepamba moto. Huulizwa mwishoni, soda zimeshagawiwa, mgeni rasmi ameshapanda gari, na mwulizaji humvuta bwana shamba pembeni kidogo. "Hapa mmepata gunia ishirini na kitu. Mimi nilikuja mwaka juzi, nikaja mwaka jana, na leo nimekuja. Mbona kwangu ni zile zile saba?"

Mara ya kwanza nililisikia kwa mama mmoja wa Mbozi, mkoani Songwe. Ulikuwa mwezi wa nne, mahindi yameanza kukauka majani ya chini. Afisa ugani alikuwa kijana wa kumzaa. Alimjibu kwa swali.

"Mama, unapanda kwa kamba?"

"Kwa mguu, mwanangu. Kamba nitaishika na nani?"

"Na mbolea?"

"Mwaka nikipata."

Kijana akafungua daftari, akaandika neno moja au mawili, gari likapiga honi. Mazungumzo yakaishia pale. Sura hii inaanzia pale yalipokatikia, kwa sababu jibu la yule mama halimo kwenye kipeperushi alichopewa. Nusu yake imo kwenye swali lake mwenyewe: kamba ataishika na nani?

Magunia saba yanatoka wapi

Kwa miaka mingi wastani wa mavuno ya mahindi Tanzania nzima umekuwa chini ya tani 2 kwa hekta. Kwa hesabu ya nyumbani, hayo ni chini ya magunia 8 kwa ekari. Kwa hiyo yule mama na magunia yake saba si mzembe wala hana mkosi. Yeye ndiye wastani wenyewe. (Gunia ninalolisema hapa ni la kilo 100 kwenye mizani. Lumbesa, lile gunia lililovishwa kofia juu, tuliache sokoni; limeshawaharibia wakulima hesabu kiasi cha kutosha.)

Mahindi ni zao la kuhesabika, kwa hiyo tuhesabu. Ekari moja ina kama mita za mraba 4,000. Ukipanda mistari iliyoachana sentimita 75, na mashimo yaliyoachana sentimita 60, unapata mashimo karibu 9,000. Kila shimo mbegu mbili: mimea 18,000. Mmea wenye afya ukizaa hindi moja lenye gramu 130 za punje kavu, na mimea yote ikafika mwisho, ekari ile imetoa kilo 2,340. Hayo ndiyo magunia 23 ya shamba darasa. Hakuna uganga.

Sasa twende kwa mama. Anapanda kwa mguu: hatua moja, shimo, hatua moja, shimo. Hatua ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja, na mistari nayo inaachana mita moja hivi. Hayo ni mashimo 4,000. Kila shimo anatupia mbegu tatu, kwa sababu mbegu ni za ghalani na haziamini. Zingeota zote angekuwa na mimea 12,000, lakini nyingine hazioti, nyingine zinafukuliwa na panya, nyingine zinakatwa na wadudu zikiwa na majani matatu. Tuseme zimebaki 9,000. Tena zimesongamana mbili au tatu shimoni, zinanyang'anyana chakula, palizi imechelewa, mbolea hakuna. Kila hindi linatoa gramu 70. Zidisha: kilo 630. Magunia sita na ushee.

Ukiitazama hesabu hii vizuri utaona kwamba shamba la mama lina mapengo mawili tofauti. La kwanza ni idadi: nusu ya mimea haipo kabisa. La pili ni ukubwa wa hindi. Watu wengi hukimbilia la pili, wakadhani dawa yote iko dukani kwenye mfuko wa mbolea. Lakini mbolea hailishi mmea ambao haupo.

Nisieleweke vibaya. Kujaza mimea 18,000 kwenye ardhi yenye njaa, bila kuilisha, kutakupa mahindi madogo kuliko hata yale ya gramu 70. Mapengo haya yanazibwa kwa pamoja, hatua kwa hatua. Ninachosema ni kwamba lile la kwanza linagharimu kamba, jasho na nusu siku ya ziada, na ndilo linalosahaulika.

Jina moja, vitu vitatu

Vijijini neno "shamba darasa" limekuwa kapu la kutilia kila kitu. Humo ndani kuna vitu vitatu visivyofanana.

Kuna shamba la mfano. Mtaalamu au kampuni ya mbegu inapanda vizuri kando ya barabara, inaweka kibao, wapita njia wanatazama. Kuna siku ya mkulima, ambapo watu wanakusanywa mara moja au mbili kwa msimu, wanazungushwa, wanaelezwa, wanaondoka. Halafu kuna shamba darasa lenyewe: kikundi cha wakulima kama 20 au 30, kipande cha ardhi kijijini, na mkutano wa kila wiki au kila baada ya wiki mbili tangu siku ya kupanda hadi siku ya kupima mavuno. Kazi wanafanya wao. Mwalimu yupo, lakini jembe halishiki yeye.

Vile viwili vya kwanza vinaonyesha. Cha tatu kinafundisha. Yule mama alikuwa amehudhuria siku za mkulima tatu na hakuwahi kuingia shamba darasa hata moja, ingawa kila aliyemwalika alitumia neno hilo.

Vipando vya Nane Nane ni jamii ile ile ya kwanza. Ukienda viwanja vya John Mwakangale pale Mbeya wiki ya kwanza ya Agosti utakuta mahindi mabichi yamesimama kama askari, wakati mashamba yote ya mkoa yamebaki mabua, kwa sababu vipando vile vinamwagiliwa. Mimi huvipenda, huenda kuvitazama. Lakini ni picha ya bibi harusi: nzuri, ya kweli, na si sura atakayoamka nayo Jumatatu.

Texas, Java na Uluguru

Wazo la kumwonyesha mkulima badala ya kumhubiria ni la zamani. Mwaka 1903 mzee mmoja Mmarekani aitwaye Seaman Knapp alikwenda mji wa Terrell, jimbo la Texas. Mashamba ya maonyesho yanayoendeshwa na serikali yalikuwa yameshajaribiwa, na wakulima walikuwa wakiyatazama na kusema: sawa, serikali ina hela. Knapp akataka shamba la mkulima wa kawaida, lilimwe na mkulima mwenyewe. Wafanyabiashara wa mji wakachanga dhamana: mkulima akipata hasara kwa kufuata ushauri, atafidiwa. Hakupata hasara, na fedha ile haikuguswa. Hapo ndipo majirani walipoanza kuuliza maswali ya maana.

Darasa la msimu mzima lilizaliwa Indonesia mwaka 1989, kwenye mpunga, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO. Wakulima wa Java walikuwa wakipiga dawa sana, dawa ikawaua buibui na wadudu wengine wanaowala wadudu waharibifu, na waharibifu wakarudi kwa wingi zaidi. Huwezi kumfundisha mtu jambo hilo kwa hotuba. Ilibidi waingie majini kila wiki, wahesabu nani yupo na nani anamla nani. Miaka ya 1990 njia hiyo ilifika Afrika Mashariki. Tanzania ilikuwa pia na mradi wa Sasakawa Global 2000, ulioanza mwaka 1989 ukihusishwa na Norman Borlaug, yule mtaalamu wa ngano aliyepata Tuzo ya Nobel. Wao walitumia viwanja vikubwa ndani ya mashamba ya wakulima wenyewe.

Lakini sisi tuna kumbukumbu nyingine pia, na bwana shamba asiyeijua atapata shida. Mwaka 1955 watu wa milima ya Uluguru, Morogoro, walifanya ghasia wakipinga amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta ya ngazi. Mtaalamu wa kilimo wa enzi ile alikuja na daftari la faini. Babu zetu walijifunza namna ya kuishi naye: kuitikia. "Mmeelewa?" "Tumeelewa, bwana." Kisha kila mtu anarudi kufanya anachokijua. Itikio hilo lipo mpaka leo. Ukisikia kikundi kizima kinajibu "tumeelewa" kwa sauti moja, somo bado halijaanza.

Kamba, kizibo na pua

Sasa tuingie shambani, mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, mvua za Nyanda za Juu Kusini zimeshika.

Kamba ni ya katani au ya nailoni, ndefu kadiri ya upana wa shamba. Kila baada ya sentimita 60 imefungwa fundo, au imetobolewa kizibo cha soda kikapitishwa. Kila ncha ina mambo. Watu wawili wanaikaza, wa tatu anapita na jembe akichimba palipo na fundo, wa nne anatia mbolea, wa tano mbegu. Mstari ukiisha, fimbo yenye urefu wa sentimita 75 inaonyesha mahali pa kuchomeka mambo upya. Siku ya kwanza mnapoteza muda mwingi kubishana. Siku ya tatu mnakwenda haraka kuliko mguu, na hilo huwashangaza wote.

Kizibo ndiyo mizani ya maskini. Chukua mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia. Namba 18 na 46 zilizoandikwa juu yake zina maana kwamba kila kilo 100 zina kilo 18 za naitrojeni, ambayo hukuza majani, na kilo 46 za fosfeti, ambayo husaidia mizizi. Gawanya kilo 50 kwa mashimo 9,000: kila shimo lipate gramu 5 na nusu. Kizibo kimoja cha soda, kilichosawazishwa kwa kidole, kinabeba kiasi kinachokaribia hapo. Kizibo kimoja, shimo moja, mfuko mmoja, ekari moja. Juu ya mbolea unatupia udongo kidogo, ndipo mbegu. Mbegu ikigusana na mbolea inaungua, na mkulima atasema mbegu ilikuwa mbovu.

Pua inakuja baadaye, mahindi yakifika magotini, wakati wa kukuzia kwa urea. Urea ina naitrojeni asilimia 46, yaani mfuko mmoja unabeba kilo 23. Wengi huimwaga juu ya udongo na kwenda zao. Nimeona mwalimu mmoja akilifundisha hili bila kusema neno: alichukua kopo, akatia udongo wenye unyevu, akanyunyiza urea juu, akafunika kwa karatasi ya nailoni, akaliacha juani hadi siku ya pili. Alipolifunua akawapa wanuse. Mzee mmoja alirudisha kichwa nyuma, machozi yanamtoka. Ile harufu kali ndiyo naitrojeni inayotoroka hewani, na kila mtu aliyekuwa pale alijua bei ya mfuko. Kopo la pili, ambamo urea ilifukiwa, halikunuka kitu. Tangu hapo hakuna aliyehitaji kukumbushwa kufukia.

Palizi nayo ina saa yake. Mahindi ni mtoto anayedhulumiwa mapema: wiki ya pili hadi ya sita tangu kupanda ndizo zinazoamua. Ukipalilia wiki ya nane shamba litapendeza macho, lakini magugu yameshakula.

Kwa kifupi, kabla hujafungua pochi:

– Panda mvua ikishatulia, usingoje jirani amalize.
– Hakikisha idadi ya mimea inatimia. Rudishia mashimo matupu ndani ya wiki ya kwanza baada ya kuota.
– Palizi ya kwanza isivuke wiki ya tatu, ya pili isivuke ya sita.

Haya yakikamilika, ndipo mbegu bora na mbolea zinapolipa.

Kipande cha katikati

Hapa nina ugomvi kidogo na waandaaji. Mashamba ya mafunzo mengi niliyoyaona yana vipande viwili: upande huu "kilimo cha mazoea", upande ule "kilimo bora". Kilimo cha mazoea kimeachwa kife ili kile kingine kionekane. Na kilimo bora kimepewa kila kitu kwa pamoja: mbegu chotara, mifuko miwili au mitatu ya mbolea, dawa, palizi mbili, vyote bure. Mkulima anasimama katikati ya vipande viwili, kimoja ambacho si chake kwa sababu yeye halimi vibaya kiasi kile, na kingine ambacho hawezi kukifikia. Anapiga makofi, anaondoka.

Kinachokosekana ni kipande cha katikati. Panda vipande vitatu bega kwa bega. Cha kwanza kilimwe kama kijiji kinavyolima kweli, na wanakikundi ndio waseme kinalimwaje. Cha pili kipandwe kwa mbegu ile ile ya kijiji, ila mapema, kwa kamba, na palizi mbili kwa wakati. Cha tatu kiongezewe mbegu chotara na mbolea. Ndipo mtu anaona ngazi, na anaona anaweza kukanyaga kidato kipi mwaka huu.

Kuhusu chotara, neno moja. Chotara ni mbegu inayopatikana kwa kukutanisha wazazi wawili waliochaguliwa. Kenya ilianza kuwauzia wakulima chotara za Kitale miaka ya 1960. Hybrid 611 ilitoka mwaka 1964. Sisi tuna za kwetu, kama UH 6303 kutoka kituo cha utafiti cha Uyole, Mbeya. Nguvu yake ni ya msimu mmoja. Ukihifadhi punje zake ukazipanda tena, watoto hawafanani, mavuno yanashuka. Asiyeweza kununua kila mwaka ni heri apande aina zinazochavushana zenyewe, kama Staha, Kilima au Situka, ambazo anaweza kuzirudia misimu kadhaa akichagua mahindi mazuri ya katikati ya shamba. Vyovyote iwavyo, anunue mfuko wenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, na ahesabu mbegu 100 azioteshe kwenye kitambaa chenye maji kabla ya mvua. Zikiota chini ya 85, mfuko urudi dukani na risiti yake.

Mavuno ya vipande vyote yapimwe mbele ya kila mtu. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, vuna, anika, pukuchua, weka kwenye mizani. Ekari ina miraba ya namna hiyo 40, kwa hiyo unazidisha kwa 40. Tuchukue mfano wa kuhesabia tu. Kipande cha kwanza kimetoa kilo 17, cha pili 27, cha tatu 55. Kwa ekari ni kilo 680, 1,080 na 2,200. Cha pili kimezidi cha kwanza kwa magunia 4 bila shilingi ya dukani. Cha tatu kimezidi cha pili kwa magunia 11 na kidogo. Sasa linakuja swali ambalo mabwana shamba wengi hawaliandiki ubaoni: katika hayo 11, ni mangapi yameliwa na mbegu, mbolea, usafiri na vibarua? Na hesabu ifanywe kwa bei ya Juni, mahindi yakiwa yamefurika, maana ndiyo bei ambayo mwenye mtoto wa shule anauzia. Bei ya Januari ni ya mwenye subira na ghala.

Tangu msimu wa 2022/23 Tanzania imekuwa na ruzuku ya mbolea kwa wakulima waliojiandikisha, na hiyo imebadilisha hesabu kwa walio wengi. Haijabadilisha mvua. Mwaka mvua ikikatika mahindi yakiwa yanatoa mbelewele, yale maua ya juu, mbolea imeshaingia ardhini na deni limebaki nyumbani. Ndiyo maana mimi humshauri mkulima aanze na nusu ekari ya kipande cha tatu, na sehemu iliyobaki ailime kama kipande cha pili. Wapo wataalamu watakaosema huo ni woga. Wao wana mshahara.

Darasa la kiwavi

Kama kuna jambo lililoonyesha thamani ya darasa la kila wiki, ni viwavijeshi vamizi. Wadudu hawa, wenyeji wa bara la Amerika, waligunduliwa Afrika mwaka 2016 na kufikia 2017 walikuwa wameshaingia Tanzania na Kenya. Hakuna mzee aliyekuwa na hadithi yao. Kiwavi ana alama ya Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne yaliyopangika mraba karibu na mkia. Anakaa ndani ya moyo wa mmea, na ukiona kitu kama unga wa mbao uliolowa kwenye majani machanga, yumo.

Kipeperushi kinaweza kukuonyesha picha yake. Hakiwezi kukufundisha kuamka saa 12 asubuhi, kupita shamba kwa kukatisha mfano wa herufi W, kusimama mahali patano, kufungua mioyo ya mimea kumi kila mahali na kuandika idadi. Kikundi kinachofanya hivyo kila wiki kinamwona kiwavi akiwa mdogo kama sindano, wakati bado anafikika. Mkulima aliye peke yake humwona anapokuwa mnene, ameshajichimbia ndani, na dawa inapita juu yake kama mvua juu ya bati. Wengine walijifunza kutia mchanga au majivu moyoni mwa mmea, kuyaponda mayai yao kwa vidole, na kutowaua sisimizi na nyigu waliokuwa wakifanya kazi hiyo hiyo bure. Kwa mwenye robo ekari, vidole bado ni silaha.

Aliyeshika jembe

Siku moja hesabu orodha ya mahudhurio, kisha pita mashambani wiki ya palizi uhesabu migongo iliyoinama. Orodha ina wanaume wengi. Migongo ni ya kina mama. Baba amehudhuria mafunzo, amekula, amesaini, amerudi na kipeperushi mfukoni mwa shati. Mama ndiye anayeamua, jembe likiwa mkononi, kama palizi itafanyika leo au Alhamisi, na hakuna aliyemwambia kwamba Alhamisi ni kuchelewa.

Dawa yake haina makuu. Darasa lisifanyike siku ya gulio. Lianze saa 3 asubuhi, maji yakishatekwa na watoto wakishakwenda shule, liishe kabla ya saa 5. Liwe shambani kijijini, si ofisi ya kata. Anayekuja na mtoto mgongoni aachwe na mtoto wake. Na mwenye kukodi shamba aulizwe mkataba wake ni wa miaka mingapi kabla ya kulaumiwa kwamba hataki kurutubisha ardhi: nani atalisha ng'ombe atakayekamuliwa na mwingine?

Punje zikishafika nyumbani

Nitagusa ghala kwa ufupi tu, kwa sababu lina sura yake mbele. Magunia 20 yaliyovunwa yakaliwa na dumuzi ni magunia ya kwenye daftari. Mdudu huyu aliingia Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1970, na wakulima wakambatiza Scania, kwa jina la yale malori makubwa, kwa jinsi alivyobeba. Mahindi yakihifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, sumu isiyoonekana wala kunusika. Kenya mwaka 2004, huko Makueni na Kitui hasa, watu 125 walikufa kwa kuila.

Kupima unyevu hakuhitaji mashine. Tia punje kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi yake, ongeza vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa, acha robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, rudisha mahindi juani. Ikibaki inatiririka, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa, uifunge barabara. Shamba darasa likiishia kwenye mavuno bila somo hili, limeacha sura ya mwisho ya kitabu haijasomwa.

Msimu huu

Kama umesoma hadi hapa na una shamba, usikimbilie duka la pembejeo bado. Mahindi yakiwa yamesimama, chukua kamba ya mita 10 uingie katikati ya shamba, mahali pasipo pazuri sana wala pabaya sana. Pima mraba, hesabu mimea yote iliyomo. Ikikaribia 450, shida yako ni chakula cha mmea, na ushauri wa mbolea unakuhusu. Ikiwa 220 au 250, unalima nusu ekari na kupalilia ekari nzima. Peleka namba hiyo kwa bwana shamba wako kabla hajakuuliza chochote.

Na kabla ya mvua za mwaka ujao, ongea na majirani wanne. Mfunge mafundo kwenye kamba moja, mpange zamu: leo kwa huyu, kesho kwa yule. Kamba ya kupandia ina ncha mbili, na ya pili inahitaji mtu wa kuishika.